Kompyuta za bodi moja: mtuambie kerneli na volti, si gigahezi peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila inapotoka kompyuta mpya ya bodi moja (kompyuta nzima iliyo kwenye bodi moja ya saketi) ya bei nafuu, makala za teknolojia huipima kwa namna ileile: ina viini vingapi, gigahezi ngapi, RAM kiasi gani. Kisha huwekwa kando ya Raspberry Pi, bodi inayojulikana zaidi ya aina hii, na kutangazwa mshindi, tena kwa bei ya chini. Msomaji anaiagiza, na baada ya wiki chache bodi iko kwenye droo. Karatasi ya sifa mara nyingi haikusema uongo. Iliacha tu kutaja mambo yanayoamua kama kitu hicho kitafanya kazi au kitakaa bure. Naomba nafasi niyataje, kwa kuwa mengi yanapimika kwa muda mfupi na sioni kwa nini waandishi wenu wayaruke.

La kwanza, na kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa, ni kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, programu inayoongoza vifaa vyote vya kompyuta. Mtengenezaji wa bodi ya bei nafuu kwa kawaida hatengenezi chipu. Ananunua chipu ya Allwinner, Rockchip au Amlogic, ambayo mara nyingi ililengwa kwa tableti au visanduku vya televisheni, na pamoja nayo anapokea furushi la programu la kiwandani: kerneli ya Linux ya zamani iliyojazwa viraka ili iendane na chipu hiyo. Kwa kisanduku cha televisheni hilo latosha, maana kikishauzwa hakuna anayetarajia kukibadilishia mfumo. Kwa kompyuta inayokaa kwenye mtandao miaka mitano, ni balaa.

Chukua bodi za Allwinner H3 zilizoanza kuuzwa kwa wingi mwaka 2015. Zilikuja na kerneli 3.4, mfululizo uliotoka mwaka 2012 na kuachwa kutunzwa mwaka 2016. Mwaka huohuo wa 2016 iligundulika kwamba kerneli hiyo ya kiwandani ilikuwa na mlango wa nyuma: programu yoyote ikiandika neno rootmydevice kwenye faili /proc/sunxi_debug/sunxi_debug ilipewa mamlaka yote ya mfumo. Ulikuwa msimbo wa majaribio uliosahauliwa ndani, na hakuna aliyekuwa ameukagua. Bodi nyingi za Rockchip nazo zilibaki na kerneli 4.4, ambayo matunzo yake yalikwisha Februari 2022.

Mtu atauliza kwa nini asipakue tu kerneli mpya, kama inavyofanyika kwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani hujieleza yenyewe kwa mfumo endeshi inapowaka: ina diski hii, kadi ya mtandao ile. Bodi ya ARM ya aina hii haijielezi. Kerneli huambiwa kila kitu na faili dogo la maelezo, lenye kiambishi cha .dtb, linaloorodhesha ni pini ipi imeunganishwa na nini na kifaa gani kinapewa volti ngapi. Kila bodi ina faili lake. Ndiyo maana mfumo wa bodi ndugu, yenye chipu ileile, unaweza kuwaka vizuri kisha tundu la mtandao likawa limekufa: faili linasema chipu ya mtandao inawashwa na pini fulani, na kwenye bodi yako pini hiyo inafanya kazi nyingine. Faili hilo likiwa halipo kwenye kerneli kuu (ile rasmi ya watunzaji wa Linux), au draiva zake, yaani programu za kuendesha vifaa, zikiwa zimebaki ndani ya viraka vya kiwandani, kupandisha toleo la kerneli si kazi ya mnunuzi. Ni kazi ya mwandishi wa kerneli, na huchukua miezi.

Kazi hiyo kwa sehemu kubwa imefanywa na watu wa kujitolea. Jamii ya linux-sunxi imezihamisha chipu za Allwinner, moja baada ya nyingine, hadi kwenye kerneli kuu, na mradi wa Armbian hutengeneza mifumo iliyo tayari kwa bodi nyingi. Kampuni iliyouza bodi ndiyo inayopata sifa. Hilo linaniudhi, lakini tuendelee.

Kabla ya kununua, mambo matatu yanaangaliwa bila kuwa na bodi mkononi. Fungua ukurasa wa upakuaji wa mtengenezaji, utazame tarehe ya mfumo wa mwisho uliowekwa. Bodi ikiwa na miaka miwili na mfumo wa mwisho ni wa mwezi ilipotoka, usitegemee mwingine. Tafuta jina kamili la bodi, pamoja na herufi za mwisho, ndani ya msimbo wa kerneli kuu kwenye folda ya arch/arm64/boot/dts, au arch/arm/boot/dts kwa chipu za biti 32. Kisha angalia Armbian kama bodi ina mtunzaji au imeachiwa jamii bila mwenyewe. Ikiwa tayari unayo, amri ya uname -r inatosha kuanza: ikijibu 3.4, 3.10, 4.4 au 4.9, hiyo ni kerneli ya kiwandani isiyopata tena marekebisho ya usalama kutoka kwa watunzaji wa Linux, na bodi hiyo isipewe anwani ya wazi kwenye intaneti.

Hata neno “inaendeshwa na Linux” halina jibu moja. Bodi inaweza kuwa na mtandao, USB na diski vinavyofanya kazi kikamilifu kwenye kerneli mpya, huku kamera, sauti ya HDMI na usimbuaji wa video (kufungua video iliyobanwa) vikiwa havijaguswa. Kwenye boksi pameandikwa 4K. Maana yake ni kwamba ndani ya chipu kuna sehemu inayoweza kusimbua video hiyo; kama draiva haipo, kazi yote inaangukia viini vya prosesa, na video ya 1080p tu inaanza kukatika. Michoro nayo ina historia yake: draiva huria za Mali (sehemu ya chipu inayochora picha), ziitwazo Lima na Panfrost, ziliingia kwenye kerneli kuu katika toleo 5.2 mwaka 2019, wakati chipu zenye Mali-400 zilikuwa sokoni miaka mingi kabla. Aliyenunua bodi ya namna hiyo mwaka 2015 ili aitumie kama kompyuta ya mezani alikuwa amenunua ahadi.

Kwa kulinganisha, Raspberry Pi OS iliyotoka mwaka 2023 ilikuwa bado na toleo la biti 32 linalowaka kwenye bodi ya kwanza kabisa ya mwaka 2012. Nguvu ya bodi hiyo ni ndogo kupita kiasi, kiini kimoja tu, lakini haikutupwa. Wakati wa uhaba wa chipu kati ya 2021 na 2023, Raspberry Pi zilipoadimika, wanunuzi wengi walikimbilia mbadala kwa kutazama gigahezi, na tofauti hiyo ndiyo iliyowauma.

Sitaki nionekane mpiga debe wa upande mmoja. Raspberry Pi 4 ilitoka Juni 2019 na kosa kwenye tundu lake la USB-C: pini mbili za utambuzi zilishirikishwa kipingamizi (resista) kimoja badala ya kila moja kupewa chake, na kebo bora zenye chipu ya utambulisho ziliidhania kuwa kifaa cha sauti zikakataa kuipa umeme. Kebo za kawaida zisizo na chipu zilifanya kazi. Kosa lilirekebishwa kwenye toleo la baadaye la bodi. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba kosa lilielezwa hadharani, pamoja na sababu yake. Kwenye bodi za bei ya chini kosa la aina hiyo unakutana nalo peke yako: baadhi hazina kabisa vipingamizi hivyo viwili vya kiloohmu 5.1, na chaja ya USB-C ikitumiwa na kebo ya C kwa C haitoi hata volti moja. Mnunuzi anasema bodi ni mbovu. Akibadilisha kebo akatumia ya A kwa C, inawaka.

Tumeshaingia kwenye umeme, na hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko pengine popote. Bodi inazima ghafla, diski ya nje inapotea, kibodi inajirudia herufi, Wi-Fi inakatika, na kila dalili inatafutiwa dawa yake kwenye programu. Mara nyingi chanzo ni kebo. Waya wa AWG 28 (kipimo cha unene ambacho namba kubwa ni waya mwembamba), ambao ndio unaotumika kwenye kebo nyembamba za simu, una ukinzani wa takriban ohmu 0.21 kwa mita. Umeme unaenda na kurudi, hivyo kebo ya mita moja ni mita mbili za waya, yaani ohmu 0.43 kabla ya kuhesabu viungio. Bodi ikivuta ampea 2, volti 0.85 zinapotelea humo, na chaja inayotoa volti 5.0 kamili inafikisha 4.15. Kiwango cha USB 2.0 kinaitaka pota ya nguvu kamili isishuke chini ya 4.75. Kebo ya urefu uleule yenye waya wa AWG 20 inapoteza volti 0.13 tu. Chaja ni ileile, bodi ni ileile, na tatizo limekwisha.

Raspberry Pi ina saketi inayotambua volti zikishuka chini ya takriban 4.63, na matokeo yanasomwa kwa amri ya vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni zuri. 0x50000 maana yake tangu bodi iwake volti zimewahi kushuka na kasi imewahi kupunguzwa, hata kama sasa hivi hali ni nzuri. 0x50005 maana yake yanatokea wakati huohuo unaposoma. Bodi nyingi mbadala hazina saketi hiyo. Hazionyi, zinakwama tu. Kwa hizo chukua multimita, kifaa cha kupimia umeme, uguse pini ya 2 au ya 4 kwenye safu ya pini 40 za kuunganishia vifaa, na pini ya 6 ambayo ni adhi, yaani upande hasi wa umeme, bodi ikiwa kazini: viini vyote vinachapa kazi, diski inasoma, Wi-Fi inapakua. Kupima bodi iliyotulia hakusaidii. Na kumbuka multimita huonyesha wastani, ikisoma 4.8 huku bodi ikiendelea kukwama, ujue kuna mashuko mafupi ambayo macho ya kifaa hicho hayayaoni, na chukulia umeme kuwa mshukiwa bado.

Wati zilizoandikwa kwenye chaja nazo hupotosha. Chaja ya kompyuta mpakato ya wati 65 hutoa wati hizo kwa volti 20. Kwa volti 5 nyingi hutoa ampea 3 na si zaidi. Raspberry Pi 5 inataka volti 5 kwa ampea 5, kiwango ambacho chaja chache sana hutoa. Ikipewa ampea 3 inawaka, ila inazibana pota zote za USB kwa pamoja zisivute zaidi ya miliampea 600. Ndiyo hapo diski ya nje inapogoma kuzunguka na watu wanabadilisha diski. Diski ya inchi 2.5 inaweza kuhitaji karibu ampea nzima kwa sekunde inapoanza kuzunguka. Iwekee hab (kigawanya pota za USB) yenye adapta yake yenyewe, na uhakikishe hab hiyo hairudishi umeme kwenye bodi kupitia kebo ya data, maana zipo zinazofanya hivyo na bodi hubaki nusu hai hata ukichomoa chaja.

Baadhi ya bodi zinatumia plagi ya duara ya milimita 4.0 kwa 1.7. Kwenye bodi kama Orange Pi PC tundu dogo la micro-USB lililo kando haliipi bodi umeme kabisa. Ni la data. Plagi ya duara ni bora kwa mkondo mkubwa, lakini haina namna ya kusema volti zake. Adapta ya volti 12 yenye plagi inayoingia itaua bodi papo hapo. Bandika karatasi kwenye adapta.

Kadi ya memori ni ya tatu. Alama ya Class 10 inahakikisha MB 10 kwa sekunde za uandishi mfululizo, kipimo cha kamera ya video. Mfumo endeshi hausomi mfululizo. Unasoma vipande vidogo huku na kule, na kadi inayoenda kasi kwenye kamera inaweza kuwa konokono kwenye Linux. Alama inayohusika ni A1, inayodai angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande kwa sekunde. A2 inadai 4,000 na 2,000, ila kufikia hapo kunahitaji kifaa kinachojua kupanga foleni ya amri za kadi, na bodi nyingi hazijui. Usilipie A2 kwa ajili ya bodi ambayo hujathibitisha. Tena bodi nyingi za bei ya chini hazina uwezo wa kushusha volti za tundu la kadi hadi 1.8, kwa hiyo kasi inaishia chini kidogo ya MB 25 kwa sekunde, kadi iwe nzuri namna gani.

Kadi bandia ni tatizo la peke yake. Inaandika ukubwa wa GB 64 na ndani ina 8. Mfumo unawaka vizuri, unafanya kazi siku kadhaa, halafu siku data inapovuka ukubwa halisi faili zinaanza kuandikwa juu ya nyingine. Pima kadi mpya kabla ya kuitumia. Amri ya f3probe --destructive ikielekezwa kwenye kadi inatoa ukubwa wa kweli haraka, na inafuta kilichomo, hivyo hakikisha mara mbili jina la kifaa usije ukafuta diski yako. Kwa njia isiyofuta, f3write ijaze nafasi iliyo wazi kisha f3read isome tena. Kwenye Windows kuna H2testw.

Kwa nini kadi hufa umeme ukikatika, hata kama hakuna faili lililokuwa likiandikwa? Kwa sababu kadi ina kidhibiti chake kidogo kinachohamisha data ndani kwa ndani ili chembe zisichakae upande mmoja. Kinafuta matofali makubwa na kuandika upya, na ramani ya nini kiko wapi imo humohumo ndani ya kadi. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, kinachopotea kinaweza kuwa maktaba ya mfumo ambayo haijaguswa tangu siku ya kwanza. Hakuna mfumo wa faili unaoweza kuzuia hilo. Kinachosaidia ni kupunguza uandishi: kumbukumbu za /var/log ziwekwe kwenye RAM na kuandikwa kwa vipindi, /etc/fstab iongezewe noatime (mfumo usiandike kila faili linaposomwa), swapu (nafasi ya ziada ya RAM) ihamishwe kwenye zram, sehemu iliyobanwa ya RAM yenyewe. Kwa bodi inayofanya kazi moja tu, kama kusoma sensa, mfumo mzima ufungwe uwe wa kusomwa tu. Raspberry Pi OS ina chaguo hilo ndani ya raspi-config. Bodi yenye eMMC, yaani hifadhi iliyolehemewa kwenye bodi yenyewe, inastahili tofauti ya bei. Nasema hivyo bila kusita.

Kuhusu kasi ya prosesa nitakuwa mfupi. Namba kwenye boksi ni ya juu kabisa, inayofikiwa kwa sekunde chache hadi joto lipande. Raspberry Pi huanza kupunguza kasi ikikaribia nyuzi 80 na kubana kabisa 85. Endesha stress-ng --cpu 4 --timeout 30m, huku ukisoma /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp, ambayo iko katika elfu za nyuzi, yaani 71000 ni nyuzi 71. Kasi husomwa kwenye faili la scaling_cur_freq, ila usiliamini peke yake: mwaka 2016 ilidhihirika kwamba chipu ya Amlogic S905, iliyotangazwa kwa gigahezi 2, ilikuwa ikiripoti 2 kwa Linux huku programu yake ya ndani ikiifungia kwenye takriban 1.5. Pima kwa kazi iliyofanyika, kwa sysbench au openssl speed, dakika ya kwanza na dakika ya thelathini, ulinganishe. Kipozeo cha alumini chenye pedi nzuri huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Bodi kuwekwa ndani ya kasha la plastiki lisilo na matundu hulirudisha.

Pota pia zina siri. Raspberry Pi 3 B+ ya mwaka 2018 ilitangazwa na mtandao wa gigabiti, na mtengenezaji alisema wazi kwamba mtandao huo unapita kwenye USB 2.0 na unaishia karibu megabiti 300. Wengine hawasemi. Tundu la SATA kwenye baadhi ya bodi ni kigeuzi cha USB 2.0 kilichofichwa, na pota nne za USB zinaweza kuwa hab moja. Amri ya lsusb -t inachora mti mzima: kila tawi lina namba, 480M ni USB 2.0, 5000M ni USB 3. Vifaa viwili vizito vikiwa chini ya tawi moja la 480M vitagawana hicho kidogo. Kwa upande wa Wi-Fi, chipu ya XR819 iliyomo kwenye Orange Pi Zero imejipatia jina baya kwa kupoteza pakiti, hasa usimamizi wa umeme wa Wi-Fi ukiwa umewashwa. Amri ya iw dev wlan0 set power_save off hupunguza, haiponyi. Kwa bodi hiyo tumia waya.

Pini 40 zinazofanana na za Raspberry Pi zinawadanganya wengi. Mpangilio wa umeme na adhi ndio unaofanana. Programu ni habari nyingine. Maktaba ya RPi.GPIO, inayotumiwa kuendesha pini za Raspberry Pi, huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu za chipu za Broadcom zilizomo kwenye bodi hizo, kwa hiyo haifanyi kazi kwenye Allwinner, na haikufanya kazi hata kwenye Raspberry Pi 5 kwa kuwa pini zake zimehamia kwenye chipu nyingine, RP1. Andika kwa libgpiod, inayopita kwenye kerneli na kukubalika kote. Kwenye Allwinner namba ya pini inapatikana kwa hesabu: nafasi ya herufi ukitoa moja, mara 32, jumlisha namba. PD14 ni 3 mara 32 jumlisha 14, sawa na 110. Pini za ishara ni za volti 3.3. Sensa ya umbali ya HC-SR04 inayopewa volti 5 inarudisha ishara ya volti 5, na inaweza kuua pini. Weka vipingamizi viwili, kiloohmu 1 kutoka kwenye ishara na kiloohmu 2 kwenda adhi, pini ichukue katikati ambapo pana 3.33.

Bodi nyingi hazina saa yenye betri. Zikizimwa zinasahau tarehe, na zikiwaka bila mtandao zinaamini ni siku ya zamani. Vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa kwa kuwa “bado havijaanza kutumika”, na rekodi za sensa zinaingiliana. Moduli ya saa ya DS3231 inatatua hilo, na i2cdetect -y 1 itaionyesha kwenye anwani 68. Ipe volti 3.3, si 5. Ukiipa 5, vipingamizi vyake huvuta nyaya zake za data (I2C) hadi volti 5, na ile moduli ya kawaida ya ZS-042 huanza kuchaji betri ya CR2032, ambayo haichajiki na inaweza kuvimba.

Mwisho, bodi “iliyokufa”. Kwenye bodi kadhaa za Allwinner H3 taa zote zinawashwa na programu. Bila kadi yenye mfumo sahihi hakuna taa hata moja, na bodi nzima kabisa hurudishwa dukani. Kabla ya hukumu, linganisha SHA-256 (alama ya kuhakiki faili) ya faili ulilopakua, andika kadi upya kwa programu inayohakiki baada ya kuandika, kisha unganisha kigeuzi cha USB kwenda TTL cha volti 3.3 kwenye pini tatu za konsoli, zinazotoa ujumbe wa bodi inapowaka: adhi kwa adhi, TX (ya kutuma) kwa RX (ya kupokea), RX kwa TX. Waya wa nne, wa umeme, uache bila kuunganishwa. Kasi ni 115200 kwa Allwinner na nyingine nyingi, lakini Rockchip hutumia 1500000, na vigeuzi vya CP2102 vya zamani havifiki huko. Skrini itajaa takataka na utadhani bodi ni mbovu. Chukua CP2102N au FT232. Mstari wa mwisho unaoonekana kabla ya kimya ndio utakaokwambia kama ni RAM, kadi, au faili la .dtb lisilo lake.

Anayetaka kompyuta ya kuvinjari na kuandikia, ushauri wangu ni kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, yenye chipu ya Intel au AMD. Itakula umeme zaidi, lakini kila mfumo mpya utawaka juu yake. Bodi hizi zina nafasi yao kwenye kazi isiyo na skrini: sensa, seva ndogo ya nyumbani, kichujio cha matangazo kwenye mtandao, na kwa kazi hizo hata ile ya bei ya chini kabisa hutumika vizuri, mradi iwe kwenye kerneli kuu.

Ombi langu kwa dawati lenu la teknolojia ni kwamba kila mnapoisifu bodi mpya, mchapishe pamoja na bei yake toleo la kerneli iliyokuja nayo na kama imo kwenye kerneli kuu, volti zilizosomwa kwenye pini ya 2 ikiwa kazini, matokeo ya dakika ya thelathini badala ya dakika ya kwanza, na mchoro wa lsusb -t. Vyote vinaingia kwenye kisanduku kidogo kando ya picha.

Wako,
Fundi wa kompyuta